Bosworth: Jinsi medani ya vita iliyopotea ilivyopatikana

KWA zaidi ya karne mbili, waliozuru kilima cha Ambion katika jimbo la Leicestershire, Uingereza, waliamini kwamba hapo ndipo Mfalme Richard III alipouawa mnamo Agosti 22, 1485. Hata kituo cha makumbusho kilifunguliwa hapo mwaka wa 1974. Kumbe mahali penyewe palikuwa kilomita tatu hivi kutoka kilimani.

Vita vya Bosworth vilimpa Henry Tudor taji, na ukoo wake ukatawala hadi mwaka wa 1603. Hata hivyo, maelezo ya enzi hiyo hayakubainisha uwanja wa mapigano. Mnamo 1788, mwandishi William Hutton alichapisha kitabu kilichokitaja kilima hicho, na dai hilo likashika mizizi.

Dalili za kulipinga hazikukosekana. Kumbukumbu za jiji la York, zilizoandikwa siku moja tu baada ya vita, ziliita mahali hapo Redemore, jina linaloashiria kinamasi chenye matete. Mnamo 1990, mwanahistoria Peter Foss alitumia ushahidi wa aina hiyo kusema kwamba majeshi yalikabiliana katika uwanda ulio chini.

Mwaka wa 2005, kikosi kilichoongozwa na mwanaakiolojia Glenn Foard kilianza uchunguzi. Kwanza kilipima udongo ili kujua kinamasi hicho kilikuwa wapi kabla ya kukaushwa. Kisha kikapita mashambani na vifaa vya kutambua vyuma, hatua kwa hatua.

Subira ilivuta heri mnamo 2009. Zilipatikana risasi za mizinga na bunduki zaidi ya 30. Kando ya kinamasi ikaokotwa nembo ndogo ya fedha iliyopakwa dhahabu, yenye umbo la nguruwe mwitu, alama ya Richard mwenyewe. Kwa kuhofia wezi wa vitu vya kale, watafiti hawakufichua mahali hapo hadharani hadi Februari 2010.

Mifupa ya mfalme huyo nayo ilifukuliwa mjini Leicester mnamo 2012, chini ya maegesho ya magari, na kuzikwa upya kwa heshima mnamo 2015.

Kituo cha makumbusho kingali kilimani. Wageni wanaofika huko sasa huelezwa kwamba vita vilipiganwa kwingine, katika mashamba ya uwandani yaliyohifadhi ushahidi kwa zaidi ya miaka 500.