Salem: Mji wa Ng'onda, Pilipili na Merikani

Mwaka 1626 Roger Conant na wavuvi wachache waliihama rasi ya Cape Ann, ambako uvuvi ulikuwa umewashinda, wakashuka kusini kidogo hadi mahali palipoitwa Naumkeag. Palikuwa na wenyewe. Wenyeji wa Naumkeag walilima mahindi na kuvua samaki pale kwa vizazi vingi, ila maradhi yaliyoingia na meli za Ulaya kati ya 1616 na 1619 yalikuwa yamekwisha kuwapukutisha, na ndui ya 1633 ikawamaliza wengi wa waliosalia. Wageni walikuta mashamba yaliyofyekwa tayari, wakayalima. Mwaka 1629 waliupa mji jina la Salem. Hati ya kuwalipa wazao wa wenye ardhi iliandikwa mwaka 1686, baada ya miaka 60, kwa bei ya pauni 20.

Ardhi ya Massachusetts ina mawe mengi na baridi kali. Baharini kulikuwa na samaki tele, na Salem ikaishi kwa ng'onda: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juu ya vichanja ufukweni. Samaki mzuri alipelekwa Hispania na Ureno. Aliyevunjikavunjika, aliyeungua jua au kuzidiwa chumvi, alipelekwa visiwa vya Karibi kulisha watumwa wa mashamba ya miwa. Meli zilirudi na molasi, molasi ikapikwa ramu, na fedha ya ramu ikaunda meli nyingine.

Meli moja inastahili kutajwa kwa jina. Desire, meli ya Salem chini ya nahodha William Pierce, iliwachukua mateka 17 wa kabila la Pequot, wavulana 15 na wanawake wawili, ikaenda kuwauza Karibi. Iliporudi Februari 1638, Gavana John Winthrop aliandika katika shajara yake shehena iliyoshushwa: pamba, tumbaku, chumvi, na watu weusi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1641, koloni ilitunga sheria zake za haki, na ndani ya sheria zizo hizo ikahalalisha utumwa wa mateka wa vita na wageni waliouzwa. Tarehe ya Salem haisomeki sawasawa bila safari hiyo, maana kila neema iliyofuata ilipita karibu na mikono ya watu wasiolipwa.

Hata mkasa wa kesi za uchawi wa 1692, ambao dunia nzima huufahamu, ulianza katika nyumba iliyokuwa na mtumwa. Tituba alikuwa mali ya mchungaji Samuel Parris, mtu aliyewahi kuishi Barbados. Wasichana wa nyumba ile walipoanza kupiga mayowe na kujinyonganyonga, Tituba alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kukamatwa, na wa kwanza kukiri. Kufikia majira ya vuli watu 19 walikuwa wamenyongwa na mzee Giles Corey ameuawa kwa kulundikiwa mawe kifuani. Wengine walifia gerezani. Mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mwaka 1697 huku toba yake ikisomwa mbele ya waumini. Mwaka 1700 huyo huyo Sewall alichapisha kijitabu cha kupinga biashara ya watumwa, cha kwanza cha aina yake katika New England. Katika kundi lile la mahakimu, yeye ndiye anayestahili kukumbukwa kwa heshima.

Mwaka 1764 Uingereza ilianza kukusanya kwa ukali ushuru wa molasi, na wafanyabiashara wa Salem wakahisi kisu mfupani. Miaka kumi baadaye, bandari ya Boston ilipofungwa kwa adhabu, gavana, Jenerali Thomas Gage, alihamishia serikali ya koloni Salem, akitumaini utulivu. Tarehe 17 Juni 1774 wajumbe wa baraza walijifungia mlango, wakachagua watu wa kuwawakilisha katika kongamano la Philadelphia. Katibu wa koloni, Thomas Flucker, alifika na amri ya gavana ya kulivunja baraza, akakuta mlango umekomewa. Ikabidi aisome amri ngazini.

Jumapili ya tarehe 26 Februari 1775 walikuja askari wa Uingereza. Luteni Kanali Alexander Leslie alishuka Marblehead na askari wapatao 240, akaelekea Salem kutwaa mizinga iliyofichwa. Wenyeji waliinua daraja la mto wa kaskazini, wakakataa kulishusha. Giza lilikaribia, baridi ilikuwa kali, wanamgambo wa vijiji jirani walikuwa njiani. Mchungaji Thomas Barnard aliwapatanisha: daraja lishushwe, Leslie avuke hatua chache kulinda heshima ya amri aliyopewa, kisha ageuke. Ndivyo ilivyokuwa. Mizinga ilikuwa imekwisha kuhamishwa. Vita vilianza Lexington tarehe 19 Aprili, siku 52 baadaye, na damu ya kwanza ingeweza kabisa kumwagika pale darajani.

Vitani Salem ilitoa meli za watu binafsi zaidi ya 150 zilizopewa kibali cha kuteka meli za Uingereza. Amani iliporudi mwaka 1783, masoko ya makoloni ya Uingereza yalifungiwa Wamarekani, nao wakatafuta bahari za mbali. Elias Hasket Derby, tajiri ambaye mwenyewe hakuwa baharia, alituma Grand Turk hadi Canton, nchini China. Ilirudi mwaka 1787 na chai na vyombo vya kaure. Jonathan Carnes alipata siri ya pilipili manga ya Sumatra, akarudi mwaka 1797 na shehena iliyoleta faida ya takriban asilimia 700. Salem ilikuwa na watu 7,921 tu katika hesabu ya 1790, lakini forodha yake ilijaza hazina ya jamhuri changa, maana serikali ile haikuwa na kodi ya mapato. Iliishi kwa ushuru wa bandarini.

Marufuku ya biashara ya nje iliyotangazwa na Rais Thomas Jefferson Desemba 1807, na vita vya 1812 baada yake, viliivunja Salem mgongo. Gati lake lilikuwa la kina kifupi, na meli kubwa zikahamia Boston na New York. Waliobaki waligeukia bandari ambazo wakubwa hawakuzitamani, na Unguja ikawa mojawapo.

Mkataba wa Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, ulitiwa saini Maskati Septemba 1833, ushuru ukiwa asilimia tano. Balozi mdogo wa kwanza aliyefika Unguja, mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem, Richard Waters. Alishirikiana na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha, wakanunua sandarusi, pembe za ndovu na karafuu. Waters aliuchukia utumwa na shajara yake yaonyesha hivyo. Hata hivyo karafuu alizopakia zilichumwa na watumwa, na merikani aliyoiuza, ile iliyovaliwa kutoka pwani hadi Tabora, ilifumwa New England kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1840 Ahmad bin Naaman alifika New York na merikebu Sultana ya Sayyid Said, akarudi Unguja na merikani hiyo hiyo. Picha yake ya rangi iko Salem mpaka leo, katika makumbusho ya Peabody Essex.

Mwaka huo huo wa 1840 Mmarekani mweusi wa Salem, Charles Lenox Remond, alikuwa London kwenye mkutano wa dunia wa kupinga utumwa. Baba yake, John Remond, aliletwa Salem kutoka Curaçao mwaka 1798 akiwa mtoto, akawa mwandaaji wa karamu za matajiri wa mji. Fedha yake haikuwalinda binti zake: mwaka 1835 walifukuzwa shule kwa ajili ya rangi, na familia ikahama. Walirudi mwaka 1841, wakapigania jambo hilo, na mwaka 1844 Salem ikafungua shule zake kwa watoto wote.

Mmoja wa mabinti wale, Sarah Parker Remond, alisafiri hadi Uingereza. Mwaka 1859 alisimama Manchester, mji wa viwanda vya nguo, akawaeleza wafumaji pamba waliyokuwa wakiishika ilichumwa na nani, na kwamba waliochuma hawakupata hata senti.