Deni Lisilokwisha: Haki ya Fidia ya Waathiriwa wa Uhalifu baada ya Probesheni na Parole, California, 1965–2024

Historia ya haki za waathiriwa wa uhalifu katika jimbo la California, Marekani, huelezwa mara nyingi kama historia ya sauti: namna mwathiriwa, ambaye awali alikuwa shahidi tu wa upande wa mashtaka, alivyopewa nafasi ya kusikilizwa mahakamani na mbele ya bodi ya parole. Mtazamo huo una msingi, lakini unaiacha kando siku ambayo mkosaji anakamilisha muda wake na afisa anayemsimamia anafunga jalada. Kinachobaki mkononi mwa mwathiriwa siku hiyo ni deni.

Mwaka 1965 California ilikuwa jimbo la kwanza nchini humo kuanzisha mpango wa umma wa kuwalipa waathiriwa. Wajibu wa mkosaji mwenyewe ulipata nguvu ya kikatiba Juni 1982, wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 8. Novemba 2008 Pendekezo la 9, lijulikanalo kama Sheria ya Marsy, lilipanua haki hizo: mwathiriwa akiomba, ajulishwe tarehe ya mkosaji kuachiliwa, na asikilizwe kabla ya parole kuamuliwa. Haki hizo zinatazama zaidi lango la gereza kuliko mwisho wa usimamizi.

Hapo ndipo penye ugumu. Mkosaji akiwa kwenye probesheni, kulipa fidia ni sharti, na anayekaidi kwa makusudi huku ana uwezo anaweza kurudishwa mbele ya hakimu. Muda ukiisha, shinikizo hilo huondoka. Katazo la kumkaribia mwathiriwa, ikiwa liliwekwa kama sharti la probesheni pekee, nalo huisha; ndiyo maana katika makosa ya ukatili wa majumbani sheria ilimruhusu hakimu kutoa amri inayojitegemea, inayoweza kudumu kwa miaka mingi. Fidia ilitafutiwa njia nyingine. Kifungu cha 1214 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya salio lidaiwe kama hukumu ya madai hadi lilipwe lote, bila ukomo wa miaka 10 unaozibana hukumu za kawaida. Riba ni asilimia 10 kwa mwaka. Kwa maandishi, ni haki imara kuliko ya wadai wengi. Kwa vitendo, mwathiriwa anaweza kujikuta akitafuta mwenyewe mshahara na mali za mtu aliyemdhuru, kazi ambayo si kila mjane au majeruhi anaiweza.

Tangu 1 Januari 2021 probesheni kwa makosa mengi imewekewa kikomo: mwaka 1 kwa makosa madogo, miaka 2 kwa makubwa, isipokuwa baadhi, yakiwemo ya kutumia nguvu. Watetezi wa sheria hiyo walikuwa na hoja nzito, kwamba usimamizi mrefu uliwarudisha watu jela kwa kukiuka masharti tu. Hata hivyo, muda wa kumbana mdaiwa ulifupishwa pia. Je, hakimu angeweza kupanga kiasi cha fidia baada ya probesheni kwisha? Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya California ilijibu kwamba anaweza, pale ambapo hasara haikuwa imejulikana siku ya hukumu.