Vidinić na Kipa Kazadi: Hukumu ya Gelsenkirchen Isomwe Upya

Tarehe 18 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia, mjini Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa imeshafungwa mabao 3 na Yugoslavia pale kocha Blagoje Vidinić alipomtoa golini Kazadi Mwamba na kumwingiza Tubilandu Dimbi. Ilikuwa dakika ya 21. Muda mfupi baadaye likaingia la nne, na mchezo ukaisha 9-0. Tangu siku hiyo jina la Vidinić limeandamwa na tuhuma nzito: kwamba Myugoslavia huyo aliwauza Chui, yaani timu ya Zaire, kwa ndugu zake.

Tuhuma hiyo haisimami.

Eneo la Katanga lina sababu zake za kuichunguza. Kazadi alikuwa kipa wa TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini. Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Beki Mwepu Ilunga alitoka humo, na Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, vilevile. Aibu ya Gelsenkirchen iliwaangukia watu wa ukanda huu wa shaba kabla ya kumfikia kocha yeyote wa kigeni.

Vidinić mwenyewe hakuwa mgeni wa mashindano makubwa. Alizaliwa Skopje mwaka 1934, akawa kipa, akarudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 na ya dhahabu kutoka Roma mwaka 1960. Baadaye alicheza Marekani. Akiwa kocha wa Moroko kwenye Kombe la Dunia la 1970, vijana wake walitangulia kuifunga Ujerumani Magharibi kabla ya kupoteza 2-1. Desemba 1973, sasa akiwa upande wa Zaire, aliichapa Moroko hiyo hiyo 3-0 mjini Kinshasa na kuipeleka Zaire Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Machi 1974 akatwaa ubingwa wa Afrika mjini Kairo: sare ya 2-2 na Zambia, kisha 2-0 katika mechi ya marudio, mabao yote manne ya Zaire yakifungwa na Ndaye Mulamba.

Mtu wa namna hiyo haiharibu kazi yake mwenyewe kwa hiari. Siku 4 kabla ya Gelsenkirchen, timu hiyo hiyo ilifungwa na Uskoti 2-0 tu. Kilichobadilika kati ya mechi hizo mbili ni fedha. Wachezaji walijua kwamba posho zao hazitawafikia, wakafikiria hata kugoma, wakaingia uwanjani bila moyo wa kupigana. Kuhusu Kazadi, Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa ilitoka kwa mwakilishi wa wizara ya michezo. Maelezo hayo yanaaminika, kwani utawala wa Rais Mobutu uliokuwa umewazawadia mabingwa nyumba na magari uliihesabu timu kuwa mali yake.

Hata hivyo hatoki bila lawama. Kocha aliyewahi kulinda goli katika Olimpiki mbili alijua kuliko yeyote uwanjani maana ya kumwondoa kipa namna ile, na bado alitii. Kosa lake ni unyonge mbele ya dola. Usaliti ni jambo jingine kabisa, na wanaouchanganya na unyonge huo wanawaficha viongozi waliokaa na fedha za wachezaji.

Dhidi ya Brazili Kazadi alirudi golini, na Zaire ikafungwa 3-0. Ni katika mechi hiyo Mwepu alipochomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili. Dunia ilicheka kwa miaka mingi, ikidai kwamba Mwafrika hajui sheria. Mwepu alisema baadaye kwamba alizijua vizuri na alifanya vile kwa hasira dhidi ya waliokula jasho lao.

Vidinić aliendelea na kazi Kamerun na Kolombia, akafariki Strasbourg mwaka 2006. Kazadi alikuwa ametangulia mwaka 1996. Mwepu alifuata 2015 na Ndaye 2019. Wanahistoria wa Lubumbashi na Likasi wanaotaka kuandika mambo ya 1974 waanze na wachezaji waliobaki, wawaulize habari za posho kabla ya kuwauliza habari za kocha.