Hedifoni zisizo na waya na kazi ya kutafuta bikoni za ploti

MASHAMBA makubwa ya kahawa na mkonge yaliyozunguka miji ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, yamekuwa yakigawanywa kuwa ploti za makazi kwa miaka mingi. Kila ploti iliyopimwa huwekewa bikoni kwenye pembe zake, na aghalabu bikoni hiyo ni kipande cha nondo kilichojengewa kwa saruji ardhini.

Miaka inapopita, bikoni hufunikwa na udongo, nyasi au kifusi cha ujenzi. Nyingine hung'olewa na trekta, na nyingine husogezwa na watu wenye nia mbaya. Katika ploti ya futi 50 kwa 100, mpaka wa upande mrefu ukisogezwa kwa mita moja tu, mwenye ardhi hupoteza takriban mita 30 za mraba, eneo linalotosha vyumba viwili vya kupangisha.

Ndiyo sababu kifaa cha kutambua vyuma kimekuwa msaada kwa wanaotafuta bikoni zilizofukiwa. Kifaa hicho humwarifu mtumiaji kwa mlio, na karibu na barabara kuu ya Thika, yenye kelele za matatu na malori usiku na mchana, mlio hafifu hausikiki vyema bila hedifoni.

Jinsi kinavyofanya kazi

Koili iliyo chini ya mpini hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukipita kwenye chuma, huzua ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake dhaifu. Kifaa huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Wapimaji wengine hutumia kifaa cha aina tofauti kinachopima mabadiliko ya sumaku pekee. Hicho hutambua chuma na feleji, lakini hakishughuliki na shaba wala alumini, na kwa hivyo hakisumbuliwi na mikebe ya soda.

Matumizi ya sikio katika kazi hii yalianza zamani. Mnamo Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akaunda chombo cha kuitafuta risasi hiyo mwilini, huku akisikiliza kupitia kipokezi cha simu. Jaribio hilo halikufaulu, na chuma cha kitanda alicholalia mgonjwa kinatajwa miongoni mwa sababu. Baadaye, Józef Kosacki, afisa kutoka Poland, alibuni kifaa cha kutambua mabomu ya kutegwa ardhini, ambacho kilitumiwa katika vita vya El Alamein mwaka 1942. Wanajeshi waliokibeba walivaa vipokezi masikioni.

Faida na kasoro ya kuondoa waya

Waya wa hedifoni hunasa kwenye miiba na vichaka, huvutwa mtumiaji anapoinama kuchimba, na hukatika upesi kwenye kiungo chake. Hedifoni zisizo na waya huondoa adha hiyo. Mtumiaji anaweza kuweka kifaa chini, akachukua jembe na kuchimba pasipo kuzivua.

Hata hivyo, zina kasoro moja kubwa, nayo ni kuchelewa kwa sauti. Hedifoni za kawaida za Bluetooth, kama zile zinazotumiwa kusikiliza muziki, hufungasha sauti, huirusha kwa redio na kuifungua tena. Shughuli hiyo yaweza kuchukua sehemu mbili za kumi za sekunde. Msikilizaji wa muziki hatambui chochote, lakini mtafuta bikoni hupotoshwa. Iwapo koili inasogezwa kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, itakuwa imeipita bikoni kwa sentimita 20 kabla ya mlio kufika sikioni.

Mifumo ya Bluetooth iliyoundwa kupunguza kuchelewa huko hukaribia milisekunde 40, na kosa hushuka hadi takriban sentimita nne. Baadhi ya watengenezaji wa vifaa hivi wana mifumo yao ya redio iliyo na kasi zaidi, lakini hedifoni za namna hiyo kwa kawaida hufanya kazi na vifaa vya kampuni hiyo pekee. Kwa kifaa cha zamani chenye tundu la waya, kuna virusha sauti vidogo vya kuchomekwa. Mnunuzi azingatie kwamba kirusha sauti na hedifoni sharti vyote viwili viwe na mfumo huo wa haraka. La sivyo, faida hupotea.

Njia ya kupima ni rahisi. Kipande cha nondo kiwekwe juu ya ardhi mahali panapoonekana, kisha koili ipitishwe juu yake polepole, halafu haraka. Mlio ukisikika baada ya koili kukipita, hedifoni inachelewa. Anayelazimika kuitumia hivyo hivyo apitishe koili kutoka kushoto na kutoka kulia kwa kasi sawa, aweke alama kwenye kila mlio, kisha achimbe katikati ya alama hizo mbili.

Mambo ya kuangalia

Udongo mwekundu wa Thika na Ruiru una madini mengi ya chuma, na waweza kukifanya kifaa kilie ovyo. Kabla ya kuanza, kifaa kirekebishwe kulingana na udongo wa mahali hapo. Aidha, ua wa mabati, nondo za msingi wa jirani, nyaya za stima na hata viatu vyenye chuma mbele huzua milio ya uongo.

Sauti nayo isizidi kiasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Anayefanya kazi kando ya barabara aache sikio moja wazi ili asikie magari na bodaboda.

Mlio si hatimiliki

Jambo muhimu zaidi ni kwamba kifaa hutambua chuma. Hakitambui mwenye ardhi. Nondo iliyopatikana huenda ni mabaki ya ujenzi, au ni bikoni iliyosogezwa. Ukweli hujulikana pale mpimaji mwenye leseni anapolinganisha mahali ilipo na ramani ya upimaji iliyosajiliwa.

Kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mahakama haiwezi kusikiliza mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla ya mpaka huo kuamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, ambapo msajili wa ardhi ndiye mwenye mamlaka ya kuamua. Sheria hiyo pia inaharamisha kuharibu au kuhamisha alama za mpaka. Kwa hivyo anayegundua bikoni asiing'oe wala kuisogeza, hata akiamini iko mahali pasipofaa.

Mnunuzi wa ploti anaweza kutumia kifaa hiki kuthibitisha kwamba pembe zote nne zina bikoni kabla ya kulipa. Ikikosekana hata moja, au ikiwa vipimo kati yake havilingani na ramani, amwite mpimaji kwanza. Gharama ya mpimaji ni ndogo kuliko ya kubomoa ukuta uliojengwa katika ardhi ya jirani.