Ongezeko la Watu na Uchafuzi wa Mto Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukakatiza Dar es Salaam kwa takriban kilomita 35 na kuingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda. Sensa ya 1967 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu wapatao 356,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728, yaani mara kumi na tano ya wale wa awali. Uchafuzi wa mto huu kwa kiasi kikubwa ni habari ya watu kufika kabla ya bomba.

Tuanze na choo, ambacho makala nyingi za mazingira hukipita haraka kwa aibu. Mabomba ya majitaka yalilazwa zaidi katikati ya mji na maeneo machache ya jirani. Nyumba nyingi zilizojengwa baadaye hutumia vyoo vya shimo. Mabondeni, kama Jangwani, Kigogo au Hananasif, maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo shimo hujaa upesi. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro vya makazi yasiyopimwa, na hata pale linapofika, bei yake si ya kila mpangaji. Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni wenyewe na kuchota kwa ndoo. Ya pili ni kutapisha: ukuta wa shimo hutobolewa upande wa chini, tundu likazibwa, kisha mvua kubwa ikianza huzibuliwa ili kila kilichomo kiende na maji. Kwa aliye bondeni zaidi, mvua hiyo ndiyo humletea kinyesi cha jirani mlangoni. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia jiji hilihili kabla ya kusambaa mikoani.

Taka ngumu nazo zimekuwa zikikimbizana na watu. Dampo lilikuwa Tabata mpaka wakazi wakaenda Mahakama Kuu, iliyowapa haki mwaka 1988. Likahamia Kunduchi Mtongani, nako wakazi wakashitaki na kushinda. Ikafuata Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Dampo lilipopelekwa mbali hivyo, safari ya lori ilirefuka na gharama ya kuzoa ikapanda. Taka isiyolipiwa huishia korongoni. Makorongo mengi ya bonde hili humwaga maji yake Msimbazi.

Mto hauchafuliwi na kaya peke yake. Ukipita Vingunguti unakutana na machinjio na mabwawa ya majitaka. Viwanda navyo vimemwaga maji machafu humo kwa miaka mingi. Na pembezoni mwa maji hayohayo kuna matuta ya mchicha unaouzwa sokoni. Watafiti waliopima mboga za bonde hili wamekuta humo metali nzito kama risasi.

Juu kabisa, vilima vimekatwa miti kwa ajili ya mkaa na viwanja, hivyo mchanga huteremka na kujaza mkondo eneo la Jangwani. Mto ukishakosa kina hutafuta upana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Je, idadi ya watu ndiyo ya kulaumiwa? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanasayansi Paul Ehrlich na John Holdren walieleza kuwa madhara kwa mazingira hutokana na mambo matatu yanayozidishana: idadi ya watu, kiasi anachotumia kila mmoja, na teknolojia inayotumika. Mwanabiolojia Barry Commoner aliwapinga, akiona mzigo mkubwa uko kwenye teknolojia. Dar es Salaam inampa Commoner hoja nzuri. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, maarufu kama rambo, ilipigwa marufuku. Watu wakazidi kuongezeka, lakini mifuko hiyo ikapungua sana mitaroni. Chupa za plastiki, ambazo hazikukatazwa, zimebaki palepale. Halafu kuna suala la nani anaonekana kuchafua. Kaya tajiri ya Masaki yenye magari mawili huzalisha taka na moshi zaidi kuliko kaya maskini ya Tandale, ila taka yake huchukuliwa na gari getini, wakati ile ya Tandale hubaki mtaroni ikingoja mvua.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ukiwamo ujenzi wa daraja jipya Jangwani na kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi ambayo imefurika mara kadhaa. Kazi kubwa ya mradi iko sehemu ya chini ya mto. Huko juu, Gongo la Mboto na Pugu, viwanja bado vinakatwa na kuuzwa kwa barua ya serikali ya mtaa, na mnunuzi huanza kwa kuchimba shimo la choo kwa sababu hana bomba la kuunganisha. Hali ikiendelea hivyo, kuchimbua mchanga Jangwani kutakuwa kazi ya kurudiwa kila baada ya masika.