Skimu, Malka na Soko Huria: Taasisi za Mto Tana tangu 1953

Msomaji wa fasihi ya Kenya akitajiwa Hola hukumbuka, na ana haki ya kukumbuka, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 wa vita vya Mau Mau walipopigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Ni nadra uhakiki wetu kuuliza kazi yenyewe ilikuwa ipi. Ilikuwa ni kazi ya skimu ya unyunyizaji maji iliyoanzishwa mwaka 1953. Mifereji ya skimu hiyo iliishi miaka 30 baada ya marehemu hao, ikanywesha pamba, kisha ikakauka pasi na kutungiwa riwaya. Makala haya yanachunguza kukauka huko na yaliyofuatia kusini yake, hadi Garsen na delta. Kwa maana dhana ya soko huria, ambayo wahakiki huijadili aghalabu kama jambo la miji mikuu, ina historia yake kando ya mto huu.

Katika skimu, mkulima alikuwa mpangaji. Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji Maji, iliyoundwa mwaka 1966, ndiyo iliyolima kwa trekta, ikaleta mbegu na dawa, ikafungulia maji, ikachukua pamba na kukata gharama zake kabla ya mkulima kupewa chake. Bura, iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikusudiwa kuwa na hekta 6,700. Zilizolimwa hazikufika nusu ya hizo, na maji yalivutwa kwa pampu za dizeli huko Nanigi. Mwaka 1989 mto ulibadili mkondo, Hola ikabaki bila maji. Bura nayo ikaanguka karibu wakati huohuo, kwa uzito wa gharama zake.

Kwa hiyo si kweli, ingawa husemwa, kwamba soko huria liliziua skimu hizi. Zilikuwa taabani tayari. Kilichofanywa na mageuzi ya uchumi, yaliyotangazwa katika Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1986 na kushika kasi kati ya 1991 na 1994, ni kuiondoa sababu ya kuzifufua. Biashara ya pamba ilitolewa mikononi mwa bodi yake mwaka 1991. Leseni za uagizaji bidhaa zikafutwa. Mitumba ikajaa, na viwanda vya nguo vilivyoitegemea pamba hiyo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mpangaji ambaye hakuwahi kumiliki shamba, pampu wala mbegu aliambiwa sasa yu huru kuuza apendako. Auze nini? Mathenge, mti ulioletwa ili walowezi wa skimu wapate kuni, uliyavamia mashamba yaliyoachwa. Serikali ilirudi kuyafufua katika miaka ya 2000, kwa fedha za umma.

Upande wa wafugaji habari ni tofauti. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi miongoni mwa Waorma, alichapisha mwaka 1992 kitabu Making a Market, akifuata nadharia ya taasisi ya Douglass North. Hoja yake ni kwamba soko liliwanufaisha Waorma wengi kuliko wananadharia wa utegemezi walivyotabiri, na kwamba Uislamu, kwa kuwapa wafanyabiashara sheria na uaminifu wa pamoja, ulipunguza gharama za kufanya biashara. Hoja hii tunaikubali kwa sehemu kubwa. Anaonesha pia jinsi wachungaji wa ujira walivyoongezeka, na jinsi wazee walivyoanza kumtegemea chifu kuwafukuza wageni kwenye malisho. Hapa ndipo penye fundo, na utafiti wake uliishia kabla ya fundo hilo kukazwa. Soko alilolieleza lilitegemea dola yenye nguvu. Mapema katika miaka ya 1990 Tume ya Nyama ya Kenya ilifunga milango, isiyofunguliwa tena hadi 2006. Dalali akabaki ndiye bei.

Dola iliacha huduma, ila haikuacha ardhi. Katika delta, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, iliyoundwa mwaka 1974, ilijenga mradi wa mpunga kwa msaada wa Ujapani. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakauharibu. Mpunga ulikwenda, dai la mamlaka juu ya maelfu ya hekta likabaki. Mwaka 2008 dai hilo lilikuwa mtaji: TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias, ambayo yenyewe iliingizwa katika soko la hisa mwaka 2001, zilitaka kugeuza takriban hekta 20,000 kuwa mashamba ya miwa. Miwa hiyo haikupandwa.

Wapokomo walikuwa na gasa, baraza la wazee wao, na kulikuwa na malka, yaani njia za ng'ombe kuufikia mto katikati ya mashamba. Kila kiangazi njia hizo zilijadiliwa upya, na mjadala ndio uliokuwa taasisi. Mpango wa kupima ardhi na kutoa hatimiliki ulipowadia mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkulima aliona usalama, mfugaji akaona ua. Damu ilimwagika mwaka 2001, na tena kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, kuanzia Riketa, watu zaidi ya 100 walipouawa. Magazeti yaliandika juu ya ukabila. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazitaja haki za malisho, lakini huanza kwa kuisajili jamii na mipaka yake. Malka ni haki ya msimu ndani ya mipaka ya wengine.