Kiume au kike? Shayiri, mkono wa kuume na hesabu ya mabinti watano

Ukisafiri kutoka Manyoni kwenda Singida mjini, barabara inapita Issuna, kata ya wilaya ya Ikungi. Ni nchi ya Wanyaturu: uwele, mtama, alizeti na ng'ombe. Shuka hapo na mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, na sitashangaa kama kabla hajapata pa kukaa atakuwa ameshaambiwa anachobeba. Tumbo limechongoka mbele? Huyo dume. Limetanuka pembeni? Binti. Uso umejaa chunusi? Binti anamwibia mama uzuri. Mwingine atataka kujua anatamani vya chachu au vya sukari, na mwingine atavua pete, aifunge kwenye uzi, aining'inize juu ya tumbo aone inazunguka au inayumba kama bembea.

Si Issuna tu, bila shaka. Ungeshuka Mbagala au Kisumu ungekutana na orodha hiyohiyo, ila pengine ikiwa imegeuzwa: tumbo la chini ambalo huku ni dume, kule ni binti. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka.

Lakini kabla hujacheka, kumbuka kwamba swali hili si mchezo kwa kila mtu. Kwa dada anayesubiri mtoto wa kwanza ni burudani. Kwa mwanamke ambaye tayari ana mabinti wanne, na wakwe wameanza kunong'ona, jibu linaweza kuamua atakavyotendewa kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo hebu tulifuate swali lenyewe, tangu lilipoandikwa mara ya kwanza hadi lilipopata jibu, maana jibu lilipofika lilibadilisha pia nani anastahili kulaumiwa.

Mifuko miwili ya nafaka

Tuanze Misri. Katika jumba la makumbusho la Berlin kuna karatasi ya mafunjo yenye namba 3038, iliyoandikwa miaka takriban 3,300 iliyopita. Ni kitabu cha tiba. Humo mna kipimo ambacho mtu yeyote wa Singida angeweza kukifanya leo bila kununua chochote: chukua mfuko wa shayiri na mfuko wa ngano, mwanamke avimwagilie mkojo wake kila siku. Vikiota vyote, atazaa. Ikiota shayiri, ni mtoto wa kiume. Ikiota ngano, wa kike. Visipoota kabisa, hana mimba.

Ninachokipenda kwenye kipimo hiki ni kwamba kinaweza kushindwa. Bibi anayesoma tumbo kwa macho anaweza kubadili maelezo baadaye, lakini mbegu imeota au haijaota, kila mtu anaiona. Kwa hiyo kinapimika, na mwaka 1963 kilipimwa kweli. Daktari wa Misri Paul Ghalioungui na wenzake walichukua mkojo wa wanawake wajawazito 40, na wa watu wengine wasio na mimba wakiwemo wanaume, wakamwagilia nafaka. Mkojo wa wasio na mimba haukuotesha kitu. Wa wajawazito uliotesha mara 28 kati ya 40, yaani asilimia 70.

Si haba! Kwa kujua kama mimba ipo, Wamisri wa kale walikuwa wameshika kitu. Ila upande wa pili, wa shayiri dhidi ya ngano, ulianguka. Nafaka iliyoota haikuweza kumtofautisha mvulana na msichana.

Angalia jinsi mambo haya mawili yalivyosafiri pamoja. Nusu ya kipimo ina ukweli ndani yake, nusu nyingine haina, na aliyekitumia hakuwa na njia ya kuzitenganisha. Mwanamke aliyeambiwa "una mimba, tena ya dume" akazaa dume alithibitisha yote mawili kwa mpigo mmoja.

Mkono wa kuume

Wagiriki walikuja na wazo jingine, na hili litakushtua kwa jinsi lilivyo karibu nasi. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, mtoto wa kiume hukaa upande wa kulia wa mfuko wa uzazi, wa kike upande wa kushoto. Mama mwenye mimba ya kiume ana rangi nzuri usoni, mwenye ya kike amefifia. Wazo hilo liliendelea kunakiliwa na waganga na wasomi wa Ulaya na wa ulimwengu wa Kiislamu kwa karne nyingi.

Kulia kiume, kushoto kike. Sasa jiulize: kwa nini Kiswahili chetu kinauita mkono wa kulia "mkono wa kuume", na wa kushoto "mkono wa kike"? Hakuna Mgiriki aliyetufundisha hivyo. Watu wa sehemu nyingi walichukua upande wenye nguvu zaidi, wakaupa jinsia waliyodhani ina nguvu zaidi, kisha upande uliobaki ukaenda kwa waliobaki. Ni fikra kuhusu heshima, siyo kuhusu mimba, na zikiingia kwenye uzazi zinavaa koti la udaktari. Hata ile kauli ya binti kumwibia mama uzuri, mimi naisoma hivyohivyo: mvulana analeta neema tangu tumboni, msichana anachukua.

Aliyeipinga nadharia ya kulia na kushoto mapema ni Aristotle, katika kitabu chake kuhusu uzazi wa wanyama, karne ya 4 kabla ya Kristo. Hakubishana kwa maneno matupu. Alisema wanyama wanapopasuliwa, madume na majike hukutwa upande uleule wa mfuko wa uzazi, na hata mapacha wa jinsia tofauti hukaa sehemu moja. Mchinjaji yeyote wa mbuzi angeweza kuhakikisha. Ajabu ni kwamba baada ya kuibomoa nadharia ya wenzake, Aristotle akaja na yake, kwamba joto ndilo linaloamua, na akawataja wachungaji waliosema kondoo akipandwa akiwa ameelekea kaskazini au kusini inaleta tofauti. Basi nadharia ya joto ikadumu miaka mingi kuliko ushahidi wa mbuzi.

Bibi anayepatia

Kwa nini basi mbinu hizi hazifi? Jibu rahisi ni kwamba zinapatia. Zinapatia karibu nusu ya mara zote, kama sarafu.

Tuseme bibi mmoja ametabiri wajukuu 8. Hana ujuzi wowote, anabahatisha tu. Uwezekano wa kupatia 6 au zaidi ni 37 kati ya 256, zaidi kidogo ya asilimia 14. Kijiji chenye bibi 20 wa aina hiyo kitakuwa na watatu hivi wenye rekodi safi kiasi hicho bila uchawi wala kipaji. Hao watatu ndio utakaosikia habari zao. Wale 17 hakuna anayetembea kuwatangaza. Na bibi akikosea, si unajua, kuna maelezo: mama alikuja amevaa nguo kubwa, au pete haikuwa ya dhahabu.

Dawa ya hili ni kuhesabu kila kitu, yaani kupatia na kukosea, tena kabla mtoto hajazaliwa. Kwenye uzazi wa binadamu, kuhesabu namna hiyo kulianza kwa jambo dogo: sajili za ubatizo za London. Mwaka 1710 daktari John Arbuthnot alipitia miaka 82, kuanzia 1629, akakuta kwamba kila mwaka, bila kukosa hata mmoja, wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Kama ni sarafu ya haki, akasema, jambo hilo haliwezekani kutokea. Yeye alihitimisha kwamba ni mkono wa Mungu. Wanatakwimu wanaikumbuka hesabu yake kama mojawapo ya majaribio ya kwanza ya kupima kama tokeo ni bahati tu au la.

Leo tunajua huzaliwa wavulana takriban 105 kwa kila wasichana 100 duniani, na katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara karibu 103. Kwa hiyo mtabiri mvivu anayesema "dume" kila mara atapatia takriban mara 51 kati ya 100. Mbinu yoyote inayotaka kuheshimiwa inabidi imshinde huyo mvivu kwanza.

Je, ipo inayomshinda? Kwa haki kabisa, moja inamshinda kidogo. Watafiti wa Sweden mwaka 1999 walichapisha uchambuzi wa zaidi ya vizazi milioni moja. Kati ya wanawake waliolazwa hospitali kwa kutapika kupita kiasi mwanzoni mwa mimba, asilimia 55.7 walizaa wasichana. Kwa hiyo wanaosema "binti anatapisha" hawajasema uongo mtupu. Ila tazama ukubwa wake: hata kwa mama aliyezidiwa mpaka akalazwa, ukisema "binti" bado utakosea mara 44 kati ya 100. Kwa kichefuchefu cha kawaida cha asubuhi huna cha kujivunia. Umbo la tumbo nalo lilipimwa Baltimore, Marekani, mwaka huohuo kwa wajawazito 104. Halikuashiria chochote.

Mdudu wa unga

Jibu lenyewe lilitoka mahali ambapo hakuna mtabiri aliyefikiria kuangalia. Mwaka 1905 Nettie Stevens, mtafiti wa chuo cha Bryn Mawr huko Marekani aliyekuwa amepata udaktari wake miaka miwili tu kabla akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alikuwa akichunguza kwa hadubini seli za mdudu anayeishi kwenye unga na nafaka za ghalani. Jike lilikuwa na kromosomu 20 kubwa. Dume lilikuwa na 19 kubwa na moja ndogo sana. Alipozitazama mbegu za dume, akakuta za aina mbili: nusu zimebeba ile kubwa, nusu zimebeba ile ndogo. Mayai yote yalikuwa ya aina moja.

Hiyo ndogo ndiyo tunayoiita Y. Kwa binadamu ni hivyohivyo: yai la mama lina X, daima. Mbegu ya baba ina X au Y. Mwaka 1990 timu ya Uingereza ilitambua jeni moja ndani ya Y, inayoitwa SRY, ambayo ikiwaka katika wiki za mwanzo huanzisha utengenezaji wa korodani. Kabla ya hapo vijusi vyote vinafanana.

Sasa rudi nami Issuna. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alieleza jamii ambayo ng'ombe ni mtaji, na mahari ndiyo njia kuu ya mtaji huo kuhama kutoka boma moja kwenda jingine. Binti analeta ng'ombe, kijana anabaki na ardhi na jina. Nyumba inahitaji wote wawili, na yenye wa aina moja tu inajiona imepungukiwa. Nani analaumiwa? Mara nyingi mama. Anaitwa "mwenye tumbo la kike". Pengine mume anaoa mwingine "atakayeleta dume".

Huyo mama hana Y ya kumpa mtoto. Hakuwahi kuwa nayo. Ila tusihamishie lawama kwa baba pia, kama ninavyosikia vijana wa sayansi wakifanya siku hizi kwa furaha kabisa. Baba hachagui. Anatoa mamilioni ya mbegu, nusu hivi za kila aina, na moja inafika.

Fanya hesabu ya mwisho. Uwezekano wa watoto watano wa kwanza kuwa wasichana watupu ni karibu 3 kati ya 100. Chukua wanawake 100 wenye watoto watano kila mmoja, na utegemee kukuta watatu hivi wenye mabinti watupu, na watatu au wanne wenye wavulana watupu, pasipo mtu yeyote kufanya lolote. Hao mama watatu wa mabinti wana majirani, na majirani wana maelezo.

Damu ya mama

Mashine ya ultrasaundi, ambayo Ian Donald wa Glasgow alichapisha picha zake za kwanza mwaka 1958, leo huonyesha jinsia vizuri kuanzia wiki ya 18 hadi 20. Sihitaji kukueleza zaidi, huenda umeshaiona picha ya mtu. Kujua mapema kumeleta shida zake: India ilipitisha sheria mwaka 1994 kukataza kipimo cha jinsia, kwa sababu mimba za wasichana zilikuwa zikitolewa.

Kisha mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya kijusi huelea ndani ya damu ya mama mwenyewe. Ukikuta vipande vya Y kwenye damu ya mwanamke mjamzito, anabeba mvulana. Usipovikuta, jibu ni msichana, yaani msichana anatambuliwa kwa kutokuonekana kitu. Kipimo hicho hufanya kazi kuanzia wiki ya 7 hivi, wakati tumbo bado halijawa na umbo la kusomwa na jirani yeyote.